Taa ya P/S inawaka, usukani unakuwa mgumu: ni sensa kweli?

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina Toyota Vitz ya mwaka 2007. Tangu mwezi uliopita, nikiwasha gari asubuhi taa ya njano yenye herufi P/S inawaka na usukani unakuwa mgumu kama gari lisilo na pawa kabisa. Nikizima na kuwasha tena, mara nyingine taa inapotea na usukani unarudi kuwa mwepesi. Wiki iliyopita pawa ilikata nikiwa katikati ya kona. Fundi wa mtaani alichomeka kifaa chake cha simu, akasema hakioni kosa lolote, lakini kwa uzoefu wake sensa ya usukani imekufa na ninunue kolamu nzima ya used. Mwingine ananiambia nifanye alaimenti kwanza. Niseme pia kwamba muda mfupi kabla ya tatizo kuanza niliwekewa alamu mpya. Nianzie wapi? Na ni salama kuendelea kuliendesha? Msomaji, Morogoro.

Jibu: Ndugu yangu wa Morogoro, hiyo kolamu (mhimili wa usukani pamoja na mota na sensa yake) usiinunue bado. Katika yote uliyoyaeleza sioni hata moja linalothibitisha kwamba sensa imekufa. Naona gari linalokosea asubuhi, wakati betri imelala na kazi ya kuwasha injini ni nzito, kisha likizimwa na kuwashwa upya linatulia. Sensa iliyoharibika inaweza kufanya hivyo, sikatai. Lakini betri iliyochoka, terminali iliyolegea na soketi isiyoshika vizuri hufanya hivyo mara nyingi zaidi, na kuzikagua hakuhitaji kununua kitu. Kwenye Vitz ya umri huo sensa haiuzwi peke yake dukani; imejengwa ndani ya kolamu, kwa hiyo anayekisia "sensa" anakuuzia kolamu nzima. Mimi nisingetoa hela hiyo kwa makisio ya mtu yeyote.

Nieleze kwanza kinachofanya kazi mle ndani, maana ukishakielewa hutayumbishwa tena gereji. Vitz yako haina pampu ya mafuta ya pawa wala mkanda wake. Ukifungua boneti hutaona kichupa cha mafuta ya usukani. Kinachokusaidia kuzungusha ni mota ya umeme iliyofungwa kwenye kolamu, chini ya dashibodi, karibu kabisa na magoti yako. Mota hiyo inaamriwa na kompyuta ndogo ya EPS, yaani mfumo wa usukani wa pawa ya umeme, nayo iko ndani ya gari. Ili iamue mota isukume upande gani na kwa nguvu kiasi gani, kompyuta inahitaji habari kuu mbili: unazungusha kwa nguvu gani, na gari linakwenda kwa kasi gani. Gari likiwa limesimama au likitambaa, inasaidia sana. Kasi ikipanda inapunguza msaada ili usukani usiwe mwepesi kupita kiasi barabara kuu.

Habari ya kwanza ndiyo inayotoka kwenye sensa inayozungumzwa. Ndani ya kolamu mhimili wa usukani umekatwa vipande viwili, na vipande hivyo vimeunganishwa kwa ufito mwembamba wa chuma. Ukizungusha usukani, ufito unajisokota kidogo sana kabla tairi hazijaanza kugeuka. Sensa inapima msokoto huo na kuugeuza kuwa volti. Mafundi wengi huiita sensa ya toki. Haipimi umezungusha usukani mizunguko mingapi. Inapima nguvu ya mikono yako. Kwa usalama hutoa ishara mbili kwa pamoja, na kompyuta inazilinganisha muda wote. Zikipishana kupita kiasi, kompyuta haitaki kubahatisha: inakata msaada na kuwasha P/S.

Sasa iko sensa nyingine, na hapa ndipo watu huchanganywa. Nyuma ya usukani, jirani na ule utepe wa airbag ambao mafundi huuita klokispringi, magari mengine yana sensa ya pembe. Hiyo ndiyo inayojua usukani umegeuzwa nyuzi ngapi na kuelekea wapi. Kwa kawaida inatumiwa na mfumo wa kuzuia gari kuteleza, ule ambao Toyota huuita VSC. Ikiharibika, taa zinazowaka ni za VSC, ile ya gari lenye alama za kuteleza chini yake, na mara nyingi usukani wenyewe unabaki mwepesi. Ukigeuza swichi hadi ON bila kuwasha injini, taa zote za dashibodi huwaka kwa muda mfupi. Angalia kama taa ya kuteleza imo. Kama haimo, gari lako halina mfumo huo, na mtu akikwambia sensa ya pembe ndiyo mbovu mwombe akuonyeshe iko wapi.

Hapo pia ndipo hadithi ya alaimenti inapotokea. Kwenye magari yenye VSC, ukishafanya alaimenti ni vizuri sensa ya pembe ifundishwe upya katikati iko wapi, la sivyo taa inaweza kuwaka. Kwako wewe alaimenti haitazima P/S. Ifanye kama tairi zinalika upande mmoja au gari linavuta.

Sasa tuje kwenye kile kifaa cha simu. Vile vidude vidogo vya bluetooth vinavyouzwa kila kona, pamoja na programu za bure, kwa kawaida huongea na kompyuta ya injini tu. Makosa ya injini huanza na herufi P. Makosa ya usukani, breki na chesi huanza na herufi C, nayo yanakaa kwenye kompyuta nyingine ambayo kifaa cha aina hiyo kwa kawaida hakiigusi. Kwa hiyo fundi wako aliposema hakuna kosa alikuwa anasema ukweli kuhusu injini, wala si kuhusu usukani. Unahitaji mashine inayofungua sehemu ya EPS kwa jina lake. Mafundi umeme wenye mashine za Toyota au mashine kubwa za kichina za magari yote wanazo. Kabla hujalipa, uliza swali moja tu: "Mashine yako inasoma EPS ya Toyota?" Akijibu kwamba inasoma gari zima, mwambie akuonyeshe neno EPS kwenye kioo.

Toyota za umri wa gari lako zina njia nyingine isiyohitaji mashine: taa ya P/S yenyewe inaweza kupepesa namba za makosa. Chini ya dashibodi upande wa dereva kuna soketi ya matundu 16, umbo lake pana juu na jembamba chini. Ukiitazama ana kwa ana, safu ya juu inahesabiwa 1 hadi 8 kutoka kushoto, safu ya chini 9 hadi 16. Swichi ikiwa OFF, unaunganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, kisha unageuza swichi hadi ON bila kuwasha injini. Taa ikipepesa haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa kwa makundi, hesabu: kundi la kwanza ni makumi, la pili ni mamoja. Ila angalizo, na ninalisema kwa uzito: tundu la 16 lina umeme wa betri wakati wote. Waya wako ukiligusa hilo, utachoma kitu. Kama mkono wako hauna utulivu, mwachie fundi.

Namba 11, 12, 13 na 14, ambazo kwenye mashine huonekana kama C1511 hadi C1514, ni za mzunguko wa sensa ya toki. Namba 15 na 16 zinahusu kuiwekea sensa hiyo sifuri yake, jambo nitakalolieleza mbele. Zinazoanza na 2 ni za mota. Zinazoanza na 3 ni za kompyuta ya EPS yenyewe. Namba 41 ni ishara ya kasi ya gari. Namba 51 na 52 ni umeme unaoingia kwenye mfumo, na 54 na 55 ni relei. Ziandike kwenye karatasi, zote, kabla mtu hajabonyeza kitufe cha kufuta. Fundi anayefuta kosa kwanza ndipo aulize tatizo ni nini amekufutia ushahidi.

Hata ukipata C1511, usikimbilie Kariakoo. Namba hiyo inasema kompyuta haikuridhika na ishara ya sensa ya toki. Haisemi kama kilichoiharibu ishara hiyo ni sensa, waya, soketi, au umeme wa kuilisha sensa. Watu wengi wamebadilisha kolamu, na kosa lilelile likarudi siku ya pili kwa sababu waya uliokatika ulibaki palepale.

Mimi ningeanza na betri, na ningeanza asubuhi, kabla gari halijawashwa, maana huo ndio wakati kosa lako linapojitokeza. Weka mita kwenye nguzo za betri zenyewe, si kwenye terminali, yaani vile vishikio vya waya vinavyofungwa juu ya nguzo. Betri iliyojaa na kupumzika usiku kucha huonyesha volti 12.6 hivi. Ukiona 12.2, imebaki nusu. Kisha mtu awashe gari huku wewe unaangalia mita. Wakati starta inazungusha injini volti zitashuka. Zikishuka chini ya 9.6 betri hiyo imechoka, hata kama injini inawaka. Kompyuta ya EPS inaamka wakati uleule wa kuwasha, inajikagua, na ikikuta umeme umezama inaweza kuhesabu kwamba kuna kosa, ikawasha taa na kubaki hivyo hadi uzime swichi. Ukizima na kuwasha tena dakika moja baadaye injini imeshalainika kidogo, starta haivuti sana, na taa haiji. Hebu soma tena maelezo yako mwenyewe hapo juu.

Injini ikiwa inanguruma, mita ioneshe kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa, feni na kiyoyozi, halafu zungusha usukani gari likiwa limesimama. Mota ya usukani ni mlaji mkubwa: kwa muda mfupi inaweza kuvuta makumi ya ampia, na ndiyo maana fyuzi yake ni ya ampia 50 badala ya zile ndogo za redio. Kama volti zinaporomoka kila unapozungusha, na taa za mbele zinafifia, basi alterneta au betri haiwezi mzigo.

Terminali nazo zikague kwa macho na kwa mkono. Nimeona Vitz na Passo nyingi zilizowekwa betri isiyo ya saizi yake, terminali ikawa kubwa kuliko nguzo, fundi akapigilia msumari au kipande cha bati ili ishike. Kwa redio na taa hilo linapita. Kwa mota inayovuta ampia 40 kwa ghafla, halipiti. Terminali nzuri haizunguki ukiishika kwa vidole. Ule unga wa kijani au mweupe uondoe kwa maji ya moto na brashi, kaza upya.

Baada ya hapo kuna kipimo ambacho mafundi wachache hukifanya, ingawa kwa maoni yangu kinasema mengi kuliko mashine. Weka mita kwenye volti za DC. Waya mmoja wa mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, wa pili kwenye chuma kitupu cha bodi ndani ya gari, karibu na kolamu. Mtu azungushe usukani injini ikiwa inanguruma. Mita inatakiwa kubaki karibu na sifuri. Ikipanda kupita volti 0.2 au 0.3, waya wa ethi kati ya betri na bodi una kutu au umelegea. Upande wa chanya fanya vivyo hivyo: kutoka nguzo ya chanya hadi mahali umeme unapoingia kwenye kompyuta ya EPS. Volti ikipotea njiani, tafuta kwenye fyuzi kubwa iliyoandikwa EPS ndani ya boksi la boneti. Isiwe tu nzima. Ichomoe uangalie kama miguu yake imegeuka rangi kwa joto.

Halafu iko ile alamu. Umeitaja kama jambo la pembeni, lakini kwangu ndiyo iliyonifanya nikae sawa kwenye kiti. Mafundi wa alamu, redio na vifaa vya kufuatilia gari hufanya kazi palepale ilipo kolamu. Wanavua kifuniko cha chini ya usukani, wanatafuta umeme wa swichi, wanachuna waya, wanausokota na mwingine kwa mkono, wanazungushia utepe, wanafunga. Waya unaowavutia zaidi ni ule mnene wa swichi, na kwenye magari mengi waya huohuo, au ndugu yake wa fyuzi moja, ndio unaoiamsha kompyuta ya EPS. Muungo wa kusokota hushika vizuri wiki ya kwanza. Kisha gari likipita rasta na mashimo, unalegea. Asubuhi yenye baridi na unyevunyevu hushika vibaya, mchana hushika. Vua kile kifuniko, tafuta kila utepe mweusi usio wa kiwandani, ufungue, na muungo ulio chini yake uchomelewe kwa risasi au uwekewe kiunganishi cha kubana. Angalia pia kama walirudisha soketi zote hadi zikalia "tak". Soketi ya sensa ya toki ni ndogo na waya zake ni nyembamba. Ikivutwa na mtu anayelazimisha mkono kupita, pini inarudi nyuma kidogo bila mtu kuona.

Kipimo cha pale ni rahisi: injini ikiwa inanguruma, gari limesimama na breki ya mkono imevutwa, mmoja akae na kuangalia taa ya P/S, mwingine atikise taratibu kila soketi na kila fungu la waya kuanzia kolamu hadi kompyuta. Taa ikiwaka ulipogusa mahali fulani, umelipata. Kazi ya dakika chache. Soketi za manjano za airbag usiziguse kabisa. Kama kuna ulazima wa kuzifungua, toa terminali ya hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote.

Maji nayo usiyasahau, hasa kama gari limepita kwenye mafuriko au zulia la mbele linanuka uvundo. Na panya. Wanapenda waya za chini ya dashibodi kuliko unavyodhani.

Tuseme umefanya yote hayo. Betri nzuri, ethi safi, alamu imeungwa upya, na bado unapata 11 hadi 14. Sasa ndipo sensa inakuwa mtuhumiwa halali, na sasa ndipo inapimwa. Njia nzuri ni kuangalia namba zake zikiwa hai kwenye mashine, sehemu ya EPS, mistari ya TRQ1 na TRQ2, ambayo ndiyo zile ishara zake mbili. Ukiwa huna mashine, fundi anaweza kuingiza sindano nyembamba nyuma ya soketi ya sensa bila kuichomoa na kusoma kwa mita. Usukani ukiwa huru, bila mkono wowote juu yake, kila ishara inatakiwa kukaa karibu na volti 2.5. Ukiuvuta kulia namba zinapanda kuelekea 4.7, ukiuvuta kushoto zinashuka kuelekea 0.3. Kwenye Toyota za kizazi hicho zote mbili hupanda na kushuka pamoja na tofauti yake haizidi 0.3. Magari ya makampuni mengine yana utaratibu wa kinyume, moja ikipanda nyingine inashuka, kwa hiyo usipeleke kipimo cha Vitz kwenye gari la Kijerumani.

Unachotafuta ni tabia, kuliko namba moja. Vuta usukani polepole sana, kama unayetaka kuugeuza halafu ukaghairi, kulia na kushoto. Namba zinatakiwa kuteleza bila kuruka. Ishara moja ikirukaruka au ikiganda wakati mwenzake inasonga, na umeme wa kuilisha sensa upo, na waya zake umezipima kutoka soketi hadi kompyuta ukazikuta nzima, basi sensa imekufa na fundi wako alibahatisha sawa. Lakini zote mbili zikiwa sifuri kwa wakati mmoja, rudi ukapime umeme wake na ethi yake kwanza. Ishara mbili kufa sekunde moja ni bahati mbaya isiyo ya kawaida. Waya mmoja wa kuzilisha kukatika ni jambo la kila siku.

Kuna dalili moja ya sensa ambayo hukuitaja, na nashukuru hukuitaja, kwa sababu ndiyo ya hatari. Ni pale usukani unapokuwa mwepesi upande mmoja na mzito upande mwingine, au unapojizungusha wenyewe. Pandisha mbele ya gari kwa jeki, weka stendi imara, washa injini, usiguse usukani. Usukani ukianza kuzunguka wenyewe, sensa inaidanganya kompyuta kwamba kuna mkono unaouvuta. Gari la namna hiyo halifai kuendeshwa hata mpaka dukani.

Mara nyingine hilo halitokani na sensa mbovu bali na sifuri iliyopotea, hasa kama kolamu au kompyuta imewahi kubadilishwa. Sensa inatakiwa kufundishwa "hapa hakuna mkono" wakati tairi zimenyooka, gari limesimama, na hakuna mtu anayegusa usukani. Mashine inayosoma EPS inaifanya kazi hiyo kwa dakika chache. Ukiona kosa la 15 au 16, hicho ndicho cha kujaribu kabla ya kununua kitu. Ni kazi ndogo lakini inarukwa mno: kolamu ya used inafungwa, taa inabaki inawaka, mteja anaambiwa "hii nayo ni mbovu, tutafute nyingine".

Kosa la 41 nalipitia haraka: hilo ni kasi ya gari, na chanzo chake kitafutwe kwenye sensa za magurudumu, ABS (mfumo wa kuzuia tairi kufunga unapokanyaga breki) au dashibodi. Makosa ya mota yanahusu brashi zilizolika au waya zake mbili nene. Na kama hakuna taa yoyote lakini usukani ni mzito, acha umeme: angalia upepo wa tairi, boljointi, na maungio ya mhimili yanayopita kwenye sakafu kwenda kwenye raki inayogeuza tairi. Pia kumbuka kwamba ukizungusha usukani mara nyingi gari likiwa limesimama, kama wanaojifunza kupaki wanavyofanya, kompyuta hupunguza msaada yenyewe ili mota isiungue. Ukiiacha ipoe kama dakika 10, inarudi.

Ikithibitika kwamba kolamu lazima ibadilishwe, nunua kwa akili. Usiende dukani na jina la gari peke yake. Vua ya zamani, uende nayo, ulinganishe namba kwenye karatasi iliyobandikwa, umbo la soketi, idadi ya waya, na urefu. Vitz zimetoka na injini tofauti na vifaa tofauti, na kolamu zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana kwenye soketi. Andikiana na muuzaji kwamba ukifunga ikashindwa, unarudisha. Fundi anayefunga akubali kabla ya kazi kwamba ataweka sifuri na kukuonyesha makosa yote yamefutika. Airbag ivuliwe na anayeijua.

Swali lako la mwisho. Usukani wako haujakatika. Kati ya mikono yako na tairi bado kuna chuma, na pawa ikipotea gari bado linageuka, ila kwa nguvu. Hatari iko kwenye ule mshtuko wa kupotea ghafla katikati ya kona, kama ilivyokupata. Hadi betri, terminali na waya za alamu zikaguliwe, usiende nalo safari, usimpe mtu mwingine ambaye hajazoea uzito wake, na ukiwa mjini shika usukani kwa mikono miwili muda wote. Kama ni lazima gari lifike gereji na pawa inakuja na kukatika, fundi anaweza kuchomoa fyuzi ya EPS, baada ya kuhakikisha kwamba haiendeshi kitu kingine: usukani utakuwa mzito mwanzo hadi mwisho, lakini hautakushtukiza. Kama unajizungusha wenyewe, liburutwe.

Ukishasoma zile namba za kupepesa, niandikie ulizozipata pamoja na volti za asubuhi kabla na wakati wa kuwasha. Kwa hizo mbili nitakwambia kipimo kinachofuata bila hata kuliona gari.